Tyubu Iliyojaa Pumzi

Naandika haya kwa mama yeyote anayefagia mahali ambapo watu wanafanya kazi na dawa kali, na kwa yeyote mwenye mtoto anayeingia huko asubuhi na kurudi jioni. Sihitaji pole. Ninachotaka ni ukimaliza kusoma uende ukafungue kile kisanduku cha ukutani, kile unachokifuta vumbi kila siku na hujawahi kukiangalia ndani.

Mimi nilikifuta miaka sita.

Maabara yetu ilikuwa ya kupima mawe. Watu waliyaleta kwenye mifuko, wataalamu wakayasaga mpaka yakawa unga, kisha wakayayeyusha kwa asidi ili wajue ndani yake kuna madini gani. Siku yangu ya kwanza nilizungushwa nikaonyeshwa: hii usiiguse, hii usiinuse, hii ukiikuta imemwagika usilete tambara, ita mtu. Iliyoogopwa kuliko zote waliiita Mwendapole. Jina lake la kwenye chupa ni refu, linaanza na haidro, sikuwahi kulimaliza. Asidi nyingine ikikugusa unaruka hapohapo. Hii mara nyingi haikwambii kitu. Inakaa juu ya ngozi kama maji, inapenya taratibu, inautafuta mfupa. Ndiyo maana wakaipa jina hilo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mwendapole ilikuwa na dawa yake. Ni mafuta mazito yanayong'aa, kama yale ya kulazia nywele, yamo kwenye tyubu ya plastiki. Ukiguswa unaosha mkono kwa maji mengi, kisha unapaka mafuta yale na kusugua bila kuacha mpaka ufike hospitali. Tyubu mbili zilisimama ndani ya kisanduku chekundu kando ya mlango wa chumba cha asidi. Chini yake ilining'inia kadi ngumu kwa kamba. Mbele ya kadi kulikuwa na maelezo ya kumwonyesha daktari. Nyuma kulikuwa na mistari ya tarehe za Ijumaa, na mistatili mitatu ya kutia alama ya vema: kisanduku kipo, kisanduku ni kisafi, tyubu mbili zipo.

Kazi ya kutia vema ilikuwa ya mtunza stoo. Tulimwita Kufuli, maana alifunga kila kitu, na watu walisema kama kivuli chake kingekuwa na tundu angekitia kufuli pia. Aliniambia mimi si ninapita pale na tambara langu kila Ijumaa, basi nitie vema yeye apumzike miguu. Nikaona ni heshima. Nilipewa kalamu ya kufungwa kwa uzi.

Mwaka wa nne wa kazi yangu, kifungua mimba wangu alimaliza chuo na kuajiriwa palepale, mtaalamu, na koti jeupe. Sitaeleza furaha yangu, kila mzazi anaijua. Wenzake walitutania kwamba binti anamwaga, mama anafuta. Yeye aliwajibu kwamba ndiyo maana familia yetu haitakosa kazi.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo penye kosa.

Siku moja mwenzetu aliunguzwa na birika la chai jikoni. Mtu akasema, si kuna dawa ya kuungua kwenye kisanduku chekundu? Akapakwa. Hakuna aliyeshtuka, dawa ya kuungua ni dawa ya kuungua. Baada ya hapo kila aliyeguswa na pasi, na sufuria, na mvuke, alikwenda kufinya kidogo. Mimi mwenyewe nilifinya mara mbili. Tyubu ya kwanza ikaisha hivyo, kidogo kidogo, hakuna aliyeimaliza na wote tuliimaliza.

Ya pili niliimaliza mimi. Kitinda mimba wangu alimwagikiwa na uji wa moto pajani. Kesho yake nikaitia tyubu kwenye mkoba, nikampaka usiku tatu mfululizo. Alilia vilevile. Daktari alikuja kuniambia baadaye kwamba mafuta yale hayana kazi yoyote kwenye moto wa jikoni, yametengenezwa kwa ajili ya Mwendapole na jamii yake. Kwa hiyo hata yule mdogo sikumsaidia.

Jumatatu niliirudisha. Ilikuwa bapa kama ulimi. Niliiangalia nikamfikiria Kufuli na maswali yake, nani kachukua, saa ngapi, kwa ruhusa ya nani. Basi nikafungua kifuniko, nikaweka mdomo, nikapuliza. Tyubu ikatuna. Nikafunga haraka. Nikachukua na ile ya kwanza, nikaipuliza nayo. Zikasimama wima kama siku zilipotoka dukani, na mimi nikafuta kioo cha kisanduku kwa mbele.

Ijumaa ilipofika nikasoma: tyubu mbili zipo. Zilikuwepo. Kadi haikuuliza kama zina kitu. Nikatia vema.

Mwenzangu, usidhani nilisahau. Kila nilipopita pale nilifuta haraka bila kutazama ndani. Nilijiambia zikiletwa nyingine nitabadilisha kimyakimya. Na zililetwa kweli. Nilimwona Kufuli akipanga katoni yake kwenye rafu ya stoo, ile stoo ya wavu wa chuma ambayo unaona kila kitu ndani na hugusi chochote. Nikamwambia kwa kujichekesha, kaka, si ungetoa hata moja tuweke kwenye kisanduku? Akaenda akaitazama kadi, akarudi anatabasamu.

"Mama, vema zako zinasema kisanduku kimejaa. Mpya haitoki mpaka ya zamani iishe. Au imeisha?"

Palikuwa na watu wawili wanasubiri glavu nyuma yangu. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa, neno lilikuwa juu ya ulimi. Nikasema haijaisha, nilikuwa nauliza tu. Nikaendelea kupiga deki. Vema zangu zilikuwa zimenifungia mlango, na kila Ijumaa niliongeza msumari. Zilifika thelathini na moja.

Tulikuwa na desturi moja ya Jumamosi. Tangu mzani mmoja uibiwe, yeyote aliyekuja kazini siku hiyo alifungiwa ndani. Mlinzi, tuliyemwita Mzee wa Geti, alivuta mlango wa nondo wa mbele, akautia kufuli kwa nje, na saa sita akaenda kutafuta chakula chake. Alirudi saa saba na nusu. Tulizoea. Tulisema tumewekwa akiba.

Jumamosi ile tulikuwa wawili jengo zima, mimi na mwanangu. Yeye alikuwa na sampuli za kumalizia, mimi nilikuwa na korido. Saa sita na dakika chache nilisikia ananiita. Hakupaza sauti. Aliniita kama anavyoniita nyumbani akitaka taulo.

Nilimkuta kwenye sinki la chumba cha asidi, bomba limefunguliwa mpaka mwisho, mkono wa kulia chini ya maji. Glavu yake ilikuwa imetupwa ndani ya beseni. Alisema ilikuwa na tundu dogo kwenye kidole, hakuliona, amehisi unyevu ndani akadhani ni jasho. Sasa ncha za vidole viwili zilikuwa nyeupe, kama zimekaa kwenye maji siku nzima.

"Ni Mwendapole, Mama. Niletee tyubu. Halafu mpigie mzee afungue."

Kisanduku kilikuwa hatua nne kutoka pale aliposimama, nyuma ya ukuta. Nilikwenda. Na sasa nitakuambia nilichofanya, maana nikikificha nitakuwa sijakuonya. Nilifungua kisanduku, nikashika tyubu zote mbili, nyepesi kama maganda ya karanga, na sikurudi kumwambia mwanangu. Nilianza kutafuta. Nilizikunja kuanzia chini, nikazigonga kwenye meza, nikazifinya shingoni. Nikaenda jikoni kwenye sanduku la huduma ya kwanza, humo mkawa na bendeji na mkasi. Nikafungua droo za meza tatu. Nilikuwa nakimbia, natoka jasho, mtu angeniona angesema mama huyu anahangaika kweli. Dakika saba, labda nane, nilitafuta kitu nilichojua hakipo, kwa sababu kumwambia mwanangu kulikuwa kugumu kuliko kukimbia.

Aliita tena. Sasa sauti ilikuwa imebadilika, imeingia pumzi katikati ya maneno. Maumivu yalikuwa yameanza.

Nikarudi na tyubu moja. Nilishaipuliza tena, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulifanya bila kuniuliza. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akafungua kifuniko kwa meno, akaielekeza kwenye vidole akafinya. Ikatoa hewa tu. Matone ya maji kwenye vidole vyake yalitikisika kidogo.

Akaifinya tena. Akaniangalia.

"Hewa hiyo ni yangu," nikamwambia. "Dawa iliisha zamani. Zote mbili. Nilizipuliza mimi."

Nilitegemea chochote. Nilitegemea anipige kwa ile tyubu. Alifumba macho, akarudisha mkono chini ya bomba, akatazama saa ya ukutani. Akasema kwa ufupi, kama anavyosoma namba za mawe, kwamba dawa mpya ipo stoo, rafu ya pili, nikaitoe. Kwamba kila dakika inayopita Mwendapole inaingia ndani zaidi. Kwamba yeye hawezi kutoka kwenye maji. Kisha akaanza kuhesabu.

"Dakika ya kumi na moja, Mama."

Nilimpigia Mzee wa Geti. Simu yake niliisikia ikilia kwa masikio yangu mawili, kupitia dirishani, kutoka kwenye kibanda chake, alikoiacha kwenye chaji. Nikampigia mkuu wa maabara, yule wanayemwita Subiri. Akasema yuko njiani kutoka msibani, mbali, nisubiri, atampigia mlinzi. Nikamwambia simu ya mlinzi iko kibandani inalia. Akasema basi subiri. Nikapiga namba ya gari la wagonjwa iliyobandikwa ukutani, wakaniuliza kama geti liko wazi, nikasema hapana, wakasema nipige tena likifunguliwa.

Mlango wa nondo niliutikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Nje barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna mtu, mbwa mmoja tu kalala chini ya kivuli cha ukuta. Niliita. Mbwa aliinua sikio.

"Kumi na nne."

Maabara ya mawe haikosi nyundo. Nilichukua kubwa kuliko zote nikaenda kulipiga kufuli la stoo. Nililipiga mara nane. Lilipata makovu, halikuachia. Na kupitia matundu ya wavu niliiona katoni, nyeupe, na picha ya mkono imechorwa ubavuni, mbali nami kama urefu wa kitanda. Ilikaa pale miezi miwili ikisubiri niseme imeisha. Neno moja. Kufuli angenuna siku mbili, angenipa karipio, yangepita.

"Kumi na saba. Mama, unaendeleaje?"

Nikamjibu naendelea vizuri. Hivyo ndivyo mama anavyosema.

Nikachukua mpini wa deki, nikachomoa tambara, nikaupitisha kwenye tundu la wavu. Ulifika kwenye katoni kwa ncha tu. Nikaisukuma pembeni, ikasogea nusu kidole. Nikaisukuma tena. Unajua unavyosukuma uchafu ulioko chini ya kabati, ule unaosogea kila upande isipokuwa unaotaka? Bega liliniuma, wavu ulinichuna mkono mpaka kiwiko. Katoni ikafika ukingoni, ikakaa hapo inafikiria, kisha ikaanguka. Ikapasuka. Tyubu zikatawanyika sakafuni, nyingi zikaenda kwenye kona za mbali. Moja ilibingirika kuja upande wangu ikasimama.

Chini ya mlango wa stoo kulikuwa na nafasi ya vidole vitatu. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu niliyokuwa nimeipiga deki mwenyewe nusu saa kabla. Mkono uliingia mpaka kwenye kifundo ukakwama. Nikaona makoti meupe yametundikwa mlangoni, nikakimbia, nikang'oa henga moja ya waya, nikainyoosha kwa meno na magoti, nikakunja ncha ikawa ndoano. Nikalala tena.

"Ishirini na tatu," alisema. Baada ya hapo hakuhesabu tena. Nilisikia kitu kingine, sauti ndogo ya juu, ile aliyokuwa akiitoa utotoni akiumwa sikio, akijitahidi asiniamshe. Nimefungiwa mahali pengi maishani mwangu, kwenye ndoa, kwenye madeni ya watu. Sijawahi kufungiwa kama pale, shavu langu chini ya mlango, dawa naiona, mtoto namsikia, na katikati ni waya wa henga unaoteleza juu ya plastiki.

Ndoano ilishika shingo ya tyubu mara ya tano au ya sita. Niliivuta polepole kama navuta uzi kwenye tundu la sindano. Nilipoishika ilikuwa nzito. Nilikuwa nimesahau jinsi tyubu yenye dawa inavyokuwa nzito.

Nikafika kwenye sinki bila glavu, nataka kumpaka. Akanizuia. Meno yalikuwa yanagongana lakini alinizuia, "Vaa glavu kwanza, Mama. Mbili mbili." Nikavaa. Nikafinya dawa, ikatoka nene, baridi, nikasugua vidole vyake, nikasugua, nikasugua. Tulisimama uso kwa uso kama wakati ule nilipokuwa namfundisha kunawa. Baada ya muda bega lake lilishuka kidogo. Maumivu yalikuwa yanapungua, akasema, ila kwenye kidole cha shahada bado kuna kitu kinatafuna.

Mzee wa Geti alirudi saa saba na robo na chakula chake ndani ya mfuko. Aliponiona kwenye nondo na glavu za rangi ya bluu, alianza utani kwamba leo nimepandishwa cheo. Utani ulimfia mdomoni. Alifungua. Kabla ya kutoka nilikata kamba ya ile kadi nikaenda nayo, maana mwanangu alisema daktari huenda hajawahi kuona jeraha la namna hii.

Na kweli hakuwahi. Alikuwa kijana, mpole, akaniambia wazi kwamba hii ameisoma tu. Alichukua kadi akasoma mbele, akamwagiza muuguzi dawa ya sindano ya kutia kwenye vidole. Kisha akaigeuza nyuma. Akapitisha kidole kwenye mistari yangu mpaka ya jana yake.

"Kumbe dawa mlikuwa nayo karibu. Alipakwa mara moja, si ndiyo?"

Mwanangu alikuwa kitandani, anatazama dari. Nilijua akiachiwa kuamini kadi, daktari atakadiria sindano kama za mtu aliyepakwa ndani ya dakika tano, si baada ya nusu saa. Nikasema, "Hapana, daktari. Kadi inadanganya. Alipakwa baada ya nusu saa. Vema zote hizo ni zangu, na tyubu zilikuwa tupu."

Akaandika. Akaongeza sindano, akamfungia mashine ya kusikiliza moyo, maana alisema sumu hii huufuata hata moyo. Tulikaa pale siku nne. Moyo ulikuwa salama. Kidole cha shahada kilikatwa kwenye kiungo cha kwanza. Cha kati kilibaki, ila kucha yake haioti.

Jumatatu Subiri alinijia wodini na matunda. Aliiulizia ile kadi. Alikuwa na karatasi iliyokwishaandikwa, inasema kisanduku kilikuwa kamili na mtumishi alichelewa kutumia dawa kwa uzembe wake. Ilibaki sahihi yangu tu. Alisema nifikirie kazi yangu, na ya mwanangu pia. Nikamwambia nimeshatia vema thelathini na moja, ya thelathini na mbili sitii. Kadi nilimwachia daktari, iko kwenye faili. Kazi niliondolewa, na sikulalamika, nilistahili. Mwanangu alirudishwa baada ya miezi mitatu. Siku hizi kadi ya kisanduku haina vema. Kila Ijumaa anatoa tyubu, anaziweka kwenye mzani wa maabara, na anaandika uzito. Hewa haina uzito wa kuudanganya mzani ule. Mpya inatoka siku ileile uzito ukipungua, na Kufuli hulazimika kusaini pembeni.

Kwa hiyo nawe usiishie kutazama kwa nje wala kusoma kadi. Fungua, shika mkononi, pima. Na kama umechukua, kwa sababu yoyote, hata kama ni mtoto alilia, sema leo. Utatukanwa asubuhi moja, basi.

Mwanangu hakuwahi kunigombeza. Ningependa anigombeze. Kila asubuhi anakuja chumbani kwangu na blauzi yake, anasimama, anainua kidevu, kwa sababu kifungo cha juu kimemshinda. Vidole vyangu ni vikubwa, kifungo ni kidogo, kinachukua muda. Wiki iliyopita nilihangaika nacho mpaka nikaanza kutoka jasho.

"Taratibu, Mama," akasema. "Safari hii hatuhesabu."